Shangazi Anajibu: Watafiti wa chuo walikuja kwangu, mtoto amepata nini?

SWALI: Shangazi, niko Nyalenda hapa Kisumu, kitinda mimba wangu ana miaka 2. Mwaka jana vijana wa chuo walikuja na tableti, wakampa mtoto vibao apange, wakaniuliza kama tuna vitabu, choo ni ya aina gani, baba anacheza naye siku ngapi kwa wiki. Nilisaini fomu ya Kizungu sikuielewa vizuri, wakaniachia sabuni wakaenda, mpaka leo kimya. Hizi risachi zinasaidia nani, sisi ama wao?
Mama wa Wawili

JIBU: Mama, una haki ya kukasirika kabisa. Fomu ilifaa isomwe kwa lugha unayoelewa, iwe Dholuo ama Kiswahili, ubaki na kopi, na uambiwe wazi unaweza kukataa ama kujitoa katikati bila kuulizwa sana. Wakirudi waulize leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, na waulize matokeo yatarudi lini hapo mtaani, na kwa baraza, si kwa hoteli huko town.

Lakini usifunge mlango, juu kuna risachi zilizofanywa huku kwetu na zimeleta kitu. Kuna moja inaitwa Msingi Bora, ilifanywa kwa vijiji 60 vya western, watoto zaidi ya 1,100 wa kati ya miezi 6 na miaka 2. Wamama walikuwa wanakutana kwa kikundi kila baada ya wiki 2, mara 16, na wenye kuwafundisha walikuwa wahudumu wa afya wa kijiji, hawa hawa tunaowajua, wakifundisha kuongea na mtoto, kucheza naye kwa vitu vya nyumbani, kumlisha bila kumlazimisha. Watoto wakaendelea vizuri kwa kufikiri na kuelewa maneno kuliko wale wa vijiji ambavyo havikupata. Kulikuwa na vijiji vingine ambapo vikundi vilichanganywa na kutembelewa nyumbani, na kumbe vikundi peke yake vilitosha tena kwa gharama ndogo. Matokeo yalitoka 2021. Mimi hapo ndio naona usawa wenyewe, manake mtoto wa Milimani ana vitabu na nasari ya karo kubwa, wa Nyalenda anahitaji kitu ambacho kaunti inaweza kulipia kila mtaa.

Na haiishii utotoni. Kule Jamaika, watafiti wa chuo cha West Indies walianza risachi yao 1986 na watoto 129 waliodumaa wa mitaa maskini ya Kingston, wengine wakawa wanatembelewa kila wiki kwa miaka 2, mama anaonyeshwa kucheza na mtoto kwa vidude vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadaye wale waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara wa juu kwa karibu asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Sasa waulize wale vijana wako, majibu yetu mtampelekea nani? Katiba ya 2010 iliweka masomo ya nasari chini ya kaunti, kwa hivyo MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, naye anafaa ayaone hayo matokeo kabla bajeti haijapitishwa.

SWALI: Mimi ni nyanya, niko Kakamega, kijana wa jirani ndiye ananiandikia. Nalea mjukuu wa miaka 3, mama yake anafanya kazi Nairobi. Mwalimu wa nasari anasema tumsomee vitabu na mimi sijui kusoma. Nifanye nini?
Kukhu

JIBU: Kukhu, shika kitabu tu. Hilo swali lako watafiti walishalipima huku huku Kenya, waliwapa walezi wa kijijini vitabu vya picha vya Dholuo na wakawaonyesha namna ya kumwuliza mtoto huyu anafanya nini, wewe umeona nini hapo, na watoto wa walezi wasiojua kusoma nao walijua maneno mengi zaidi ya kwenye vitabu hivyo, hawakuachwa nyuma hata kidogo. Kwa hivyo fungua picha, mwambie kwa lugha yenu huyu ni ng'ombe, anaenda wapi, nani amemfungua, halafu ngoja ajibu, usimkimbize. Kama hakuna kitabu gazeti la zamani lina picha, na zile hadithi ulizopewa na mama yako jioni mkisubiri ugali, hizo mpe zote. Na umwombe mwalimu awaazime kitabu kimoja kila Ijumaa, mrudishe Jumatatu.