Je, kidonge cha sonona ni kileo?

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Daktari ameniambia nina sonona, akaniandikia fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Leo ni siku ya tisa na sioni nafuu. Mama mkwe anasema kila kinachogusa akili ni kileo, na swala ya mlevi haipokelewi siku 40. Niache?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Usiache, na swala zako huna la kuzilipa.

Mama mkwe hakulitoa hewani. Hadithi ya siku 40 ipo, ila inamhusu mnywaji wa khamri. Na Mtume (s.a.w.) aliposema kila kinacholevya ni haramu, alitaja kulevya, hakutaja kugusa akili. Kahawa nayo inagusa akili: kafeini hukalia nafasi ya adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, ofisa wa serikali, aliipiga marufuku pale Makka, na wanazuoni wakapatikana wa kumuunga mkono kwamba inalevya. Amri ikatenguliwa kutoka Cairo, alikokaa sultani. Leo wapo wanaoharamisha vidonge huku kikombe kiko mkononi.

Imamu al-Qarafi, aliyefariki Misri mwaka 1285, alishatenganisha mambo haya. Kuna kinachoondoa akili kikaleta furaha na kiburi cha moyo, hicho ndicho kileo na hata tone lake haramu. Kuna kinacholaza hisia, na kuna kinachovuruga akili bila furaha ile. Hivi viwili, kiasi kidogo kisichofika kwenye akili hakukiharamisha.

Sasa kitazame kidonge chako. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo ni serotonini. Ikishatumwa, seli iliyoitoa huivuta tena ndani. Fluoksetini huziba mlango huo wa kurudia, serotonini ikakaa nje zaidi. Mlango unazibwa mapema, lakini ubongo huchukua wiki kadhaa kujipanga upya ndipo nafuu ionekane, kwa hiyo siku tisa ni mapema mno. Pombe hupanda kichwani kwa dakika. Mlevi gani husubiri mwezi mzima ndipo alewe?

Zipo dawa ninazozisemea kwa tahadhari zaidi. Diazepamu, ya kutuliza hofu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, hufanya kazi kwenye vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, kulekule pombe inakopitia, na mwili huizoea. Kwa mgonjwa, kwa kipimo cha daktari, ni dawa. Anayeimeza kutafuta raha, hapo hoja ya mama mkwe inasimama. Na aliyekwisha kuizoea asiikate ghafla, anaweza kuanguka degedege.

Nikiri jambo. Miaka ya nyuma nilimwambia kijana mmoja aache vidonge, atosheke na ruqya, yaani kisomo cha kumtibu mgonjwa. Hazikupita wiki nyingi akazidiwa. Mama yake alikuja kwangu, akaweka pakiti ya vidonge mezani, akanyamaza. Tangu siku hiyo simwambii mtu aache dawa. Ruqya jisomee, na kidonge meza. Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, ndivyo alivyotufundisha Mtume (s.a.w.).

Kichefuchefu kikikusumbua au usingizi ukikukimbia, mrudie daktari. Ramadhani ikikaribia, muulize kama kidonge cha asubuhi kihamie daku.

Wallahu a'alam.