Kudai hesabu si kukosa shukrani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: bendi iliyoinuliwa na kampuni ya kurekodi, kisha ikaishtaki kampuni hiyo, je, imekosa shukrani? Nasema haijakosa, maadamu inachodai ni hesabu.

Watazameni Beatles, bendi ya Kiingereza ya watu wanne. Mwaka 1962 walipotia saini na EMI, kampuni ya kurekodi, walikuwa vijana wa Liverpool wasio na jina kubwa. Mkataba uliwapa peni moja kwa kila santuri iliyouzwa, wagawane wanne, na meneja naye ana fungu lake humo humo. Hilo silaumu sana. Kampuni ilikuwa ikibahatisha, na mwaka 1967 waliandikiana mkataba mpya. Linaloniuma ni la baadaye. Mwaka 1979 kampuni yao wenyewe ya muziki, Apple Corps (si ile ya kompyuta), iliishtaki EMI kwa mirabaha, yaani fungu lao katika mauzo ya santuri, waliyosema hawakulipwa, kesi ikaburutwa hadi walipopatana 1989. Mwaka 2005, baada ya kukagua vitabu vya hesabu vya EMI, wakarudi mahakamani wakidai pauni milioni 30, wakapatana tena 2007. Wawili kati ya wale wanne, Lennon na Harrison, walikuwa wameshafariki. Ikiwa watu wenye mali na mawakili kama wale walihangaika hivyo kutafuta haki yao, mpiga udi wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, aanzie wapi?

Namtaja mpiga udi kwa sababu ami yangu alikuwa mmoja wao, katika kikundi cha taarab hapa Lamu. Walirekodi kanda Mombasa, wakapewa pesa mkononi mara moja, bila karatasi yoyote. Miaka ikapita. Siku moja tuko Malindi, tunangoja gari, udi wake ukalia dukani. Alisimama akausikiliza hadi mwisho, akauliza bei, akainunua kanda yake mwenyewe. Mwenye duka hakuambiwa kitu.

Na ami huyo huyo alikuwa mvuvi. Chombo kikirudi, samaki huuzwa, gharama za mafuta na barafu hutolewa, kisha yanahesabiwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Mwenye chombo huchukua kubwa, na mabaharia huridhika, kwa kuwa wamesikia kwa masikio yao samaki wameuzwa kwa bei gani.

Nataka uwazi huo wa hesabu uwe kifungu katika kila mkataba wa muziki: msanii aruhusiwe kufungua daftari kila mwaka, bila kwenda kortini. Ami hakuwahi kuwauliza wale wa studio walitoa kanda ngapi. Aliniambia aliona haya, wasije wakasema hana shukrani.