LoRa ya 915 MHz kutumika Nairobi: kubadilisha kodi ya programu hakutoshi

Umeuliza kama moduli za LoRa (redio ndogo za kutuma data kidogo mbali) za 915 MHz ulizoagiza Marekani kupimia maji ya matangi zitafanya kazi hapa ukibadilisha kodi tu. Kodi ndiyo sehemu nyepesi. Kwenye LMIC, maktaba ya kodi inayoendesha redio hizo, fungua lmic_project_config.h, zima CFG_us915, washa CFG_eu868, kisha sajili kifaa upya kwenye seva kwa mpango wa EU868, ule wa Ulaya wa 868 MHz unaotumika hapa. La sivyo kitaomba kujiunga mchana kutwa na getiwei (kituo kinachopokea jumbe) isisikie kitu.

Kazi iko kwenye bodi. Chipu ya SX1276 inamudu 137 hadi 1020 MHz, lakini kati yake na antena kuna koili, kapasita na wakati mwingine kichujio cha SAW, kinachopitisha bendi moja tu. Kichujio cha 902–928 kinaziba 868: kifaa kitatuma, ila umbali kitakaofika utakuwa mfupi mno, nawe utalaumu antena bure. Ukikuta kichujio hicho, usihangaike kulehemu. Nunua moduli za 868.

Antena ya robo wimbi ni takriban mm 82 kwa 915 na mm 86 kwa 868, kwa hiyo ya zamani huwezi kuikata ikafaa. Anza na waya wa mm 90, punguza kidogo kidogo ukipima kwa NanoVNA (kipimo kidogo cha antena) hadi SWR, yaani kiasi cha nguvu inayorudishwa na antena, ishuke chini ya 2. Pimia ndani ya boksi lake, maana plastiki hushusha frikwensi ya antena.

Na usishawishike kuziacha kwenye 915. Kati ya 880 na 915 MHz ndipo simu za GSM 900 zinapotuma kwenda mnarani. Kifaa juu ya ghorofa pale mtaa wa Pipeline kitakuwa kero kwa mnara wa jirani.

Kinachowachanganya wengi ni muda wa hewani. Marekani kikomo ni milisekunde 400 kwa kila utumaji. Kwenye 868.0–868.6 MHz kikomo ni 1% ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Ujumbe wa baiti 51 kwa SF12 (mwendo wa polepole zaidi wa LoRa) unakula karibu sekunde 2.8, kwa hiyo ni kama 12 tu kwa saa. Ukituma kila dakika LMIC itauzuia ujumbe kwenye foleni, uone kama kifaa kimeganda.

Nguvu isizidi 16 dBm EIRP, yaani ya redio ukijumlisha na ya antena: antena ya 5 dBi, weka redio 11 dBm.

Kama ni za kuuza, ripoti ya FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) haithibitishi chochote kuhusu 868. Unapoenda CA (Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya) kuomba idhini ya aina ya kifaa, dai kwa mtengenezaji ripoti ya EN 300 220 (kiwango cha Ulaya cha redio hizi) ya modeli hiyohiyo, ikiwa na antena hiyohiyo.