Filamu za kufundishia biashara na uongozi: mbili tu zinakutosha

Mkuu umeuliza filamu gani uwaonyeshe vijana wa klabu ya ujasiriamali wajifunze biashara na uongozi, na naona wadau wameshakushushia lundo. Mi nafundisha somo la biashara sekondari na hii kitu ya filamu nimeifanya muda kidogo, ushauri wangu lundo waachie wenyewe, chukua mbili tu, uzisimamishe njiani, mbishane. Filamu ikichezwa mwanzo mwisho watoto wanatoka wamechangamka, kesho ukiwauliza wamejifunza nini wanakwambia "tusikate tamaa". Sasa hiyo si wangeisikia tu hata paredi asubuhi.

Ya kwanza The Founder ya 2016, Michael Keaton kacheza kama Ray Kroc. Ni 1954, jamaa ana miaka 52, anazunguka Marekani na gari akiuza mashine za kuchanganyia milkisheki na wateja hawaeleweki, mara anapata oda ya mashine kibao kutoka mgahawa mmoja tu San Bernardino, California. Anajiuliza mgahawa gani huo, anaendesha mpaka huko kuangalia kwa macho yake, anawakuta ndugu wawili, Dick na Mac McDonald.

Kipande chenyewe ni pale ndugu wanapomsimulia walikotoka. Walikuwa na mgahawa wenye menyu ndefu, wakakagua mauzo wakaona karibu hela yote inatoka kwenye baga, chipsi na soda, wakafyeka mengine yote. Halafu wakawachukua wafanyakazi mpaka kiwanja cha tenisi, wakachora jiko kwa chaki kwa vipimo vyake halisi, wafanyakazi wanajifanya wanakaanga, wanapokea, wanafunga, wakigongana wanafuta wanachora upya. Jiko la namna hiyo ndo walilofungua nalo 1948.

Mi hapo nasimamisha, tunatoka na chaki mpaka kiwanja cha netiboli. Kuna kundi liliamua kuchora banda la chipsi la nje ya geti letu maana wanalijua kuliko wanavyojua daftari zao. Karai hapa, kreti ya soda pale, trei ya mayai nyuma ya mkaangaji, kachumbari mwisho. Wakaanza kuigiza. Dakika chache tu ikaonekana kila mteja wa zege (chipsi mayai) anamfanya mkaangaji ageuke nyuma kufuata mayai, na huyo huyo ndo anapokea hela, kwahiyo anafuta mafuta mkononi, anatafuta chenji, chipsi huku zinaungua. Wakahamisha mayai yakawa mkono wa kushoto, hela wakampa mtu mwingine. Binti mmoja akauliza, mwalimu huyu wa pili akilipwa faida itabaki? Basi tukakaa chini palepale tukaanza kupiga hesabu, zinatoka sahani ngapi kwa saa mtu akiwa mmoja na ngapi wakiwa wawili, jioni kwenye foleni na mchana pakiwa pamepoa. Hilo somo la gharama na uzalishaji ningelifundisha ubaoni wangesinzia nusu yao.

Simamisha tena kwenye mkataba. Kroc anapewa haki ya kusambaza mfumo na jina, lakini anachokata kwa wanaofungua migahawa ni asilimia 1.9 ya mauzo, na kati ya hiyo 0.5 inaenda kwa ndugu. Na haruhusiwi kubadili kitu bila wao kukubali. Migahawa inaongezeka huku yeye hana hela, nyumba kaiweka rehani benki bila mkewe kujua. Ndo anatokea Harry Sonneborn, anakagua vitabu anamwambia kaka hela haiko kwenye baga, iko kwenye kiwanja. Nunua ardhi, mpangishe anayefungua mgahawa. Hapa sihitaji kuelezea sana kwasababu watoto wa wafanyabiashara wanamjua mwenye fremu, wamemwona anavyopandisha kodi duka likishachangamka, na wanajua mwenye fremu akisema hama unahama. Kuanzia hapo ndugu wana mkataba, Kroc ana viwanja. 1961 anawanunua kwa dola milioni 2.7 na ule mgahawa wao wa kwanza wanalazimika kuubadilisha jina, jina la ukoo wao wenyewe! Kwenye filamu kuna na asilimia 1 ya kila mwaka waliyokubaliana kwa kupeana mikono tu, hawakuiona.

Darasa litapiga kelele "katapeli". Waache wapige, alafu waambie wakuonyeshe kifungu alichovunja na kipi alikizunguka tu. Utawasikia wanavyogawanyika, na wale wakali wa Kroc mara nyingi ndo haohao wanaosema na mimi ningefanya hivyohivyo.

Ya pili ni ya uongozi, 12 Angry Men ya 1957. Nyeusi na nyeupe, karibu yote iko kwenye chumba kimoja, wataguna mwanzoni vumilia. Wazee wa baraza 12 wanaamua kesi ya kijana anayedaiwa kumuua baba yake, hukumu ni kifo na lazima wote wakubaliane. Kura ya kwanza 11 kwa 1, na yule mmoja (Henry Fonda) wala hasemi kijana hana hatia, anasema tuongee kwanza. Irudishe nyuma ile kura uwaambie waangalie mikono, sio macho wala mdomo, mikono. Kuna inayopanda haraka na kuna inayopanda taratibu baada ya mtu kuangalia wenzake. Waulize ni lini wao walinyoosha namna hiyo, utapata stori za uchaguzi wa viranja mpaka kengele ilie.

Kingine, chumba kina mwenyekiti, na akikosolewa kidogo tu anasusa, anataka amwachie mwenzake kiti. Kinachosogeza kikao ni huyu asiye na cheo anayeuliza maswali na kuleta kisu kinachofanana na cha ushahidi akakichomeka mezani, baada ya wote kuamini hakuna kingine kama kile. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha vikoba atawatambua wote mle, hadi yule mwenye haraka ya kuwahi mechi.

Nyingine kwa kifupi. The Pursuit of Happyness kila mtu anaitaja kwa ajili ya kulia, ila somo la biashara liko mwanzoni: jamaa kazamisha akiba yote kwenye mashine ambazo madaktari wengi wanaona hazina tofauti kubwa na eksirei na bei yake mara mbili, mtaji umelala kwenye mzigo. Onyesha hapo tu. Queen of Katwe safi kwa madogo, Phiona anauza mahindi barabarani Kampala na Katende anafundisha chesi watoto ambao hawana cha kumlipa, mazingira wanayatambua wenyewe. Wolf of Wall Street mi siweki shuleni, achilia mbali zile sini za utupu, saa tatu nzima na wanachokumbuka ni gari na boti.

Kuhusu muda, ya Fonda ni dakika 96, kipindi ni 40, kwahiyo gawa mara tatu na ukatize kwenye kura. Weka maandishi ya kingereza chini maana wale wazee wanaongea kwa kasi, ila mjadala uache uwe wa kiswahili la sivyo wataongea walewale watatu. Spika azima kanisani au kwa mtu wa matangazo, ya kwenye projekta nyuma hawasikii kitu.