Sisi wa Busia tunaiona tofauti kila siku

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: kima cha chini cha mshahara kipangwe na serikali kuu peke yake, au kila wilaya na jiji lijipangie? Mimi nasema serikali kuu itangulie. Wilaya ikitaka kuongeza iongeze, ila isiruhusiwe kushuka chini ya kiwango cha taifa.

Nakaa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka mitatu nilipika na kuosha vyombo katika hoteli ya chakula karibu na maegesho ya malori, kwa shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi. Rafiki yangu alifanya kazi hiyohiyo ng'ambo, Busia ya Kenya, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tajiri wake alipomkata mshahara, alimtajia amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara na pesa ikarudi. Mimi nilipokatwa sikuwa na cha kutaja. Kiwango chetu cha kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Leo pesa hiyo hainunui kilo mbili za sukari.

Wengi hapa hudhani huko Kenya kaunti ndizo zinazopanga. Sivyo. Amri hutolewa na serikali ya taifa, ila viwango vinatofautiana kwa maeneo. Mwaka 2022 kibarua wa kawaida wa Nairobi alipangiwa shilingi 15,201 za Kenya, na wa vijijini 8,109. Kwangu pengo hilo ni kubwa mno, maana chumba cha kijijini ni nafuu kweli, lakini mafuta ya kupikia na sabuni havishuki bei kwa nusu. Hata hivyo, hizo elfu nane zikibadilishwa zinapita shilingi laki mbili za kwetu Uganda.

Marekani serikali mbili hupanga, ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, na ya jimbo, kila moja kiwango chake. Kiwango cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na jimbo la Washington limevuka dola 16. Sheria ya Georgia bado imeandika dola 5.15, lakini mfanyakazi anayelindwa na sheria ya shirikisho hulipwa 7.25, kwa sababu kilicho kikubwa ndicho kinachofuatwa. Kipengele hicho ndicho ninachokililia.

Bila hicho, wilaya zitashindana kushusha ili zivute viwanda. Kaka yangu hukata miwa Busoga, huku mashariki ya Uganda. Nani atampangia mshahara, baraza la wilaya ambamo wenye mashamba ndio wenye sauti? Naogopa sana, na sioni aibu kusema hivyo.

Tumewahi kukaribia. Mwaka 2017 bodi ya kuishauri serikali yetu kuhusu mishahara ilipendekeza shilingi 136,000 kwa mwezi. Februari 2019 Bunge likapitisha muswada wa viwango kwa kila sekta, lakini Rais hakuutia saini, nasi tukabaki na zile 6,000.

Serikali kuu ianze hata na hiyo 136,000. Kampala ikiona haimlipii mtu chumba na chakula, iongeze yake juu. Binti aliyechukua nafasi yangu pale hotelini nilimuuliza mwezi uliopita. Analipwa laki moja na ishirini, ileile, na ana mtoto mdogo mgongoni.

Msomaji, Busia