"Leo tunapika nini?" lijibiwe Jumapili

Swali hili huulizwa saa 11 jioni, watu wana njaa na wewe ndiyo kwanza umeshuka kwenye daladala. Saa hiyo jibu huwa chipsi, au chochote kilichobaki gengeni. Uvivu hauhusiki hapa. Uamuzi umeangukia saa mbaya tu, kwa hiyo uhamishie siku ya sokoni, ambayo kwa wengi ni Jumapili asubuhi.

Usipange vyakula saba vya kifahari. Ipe kila siku aina ya mboga basi: Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, Jumatano majani, Alhamisi maharage tena, ya nazi, Ijumaa samaki, Jumamosi nyama. Jumapili iache wazi. Kama ni ugali au wali, mtajua siku hiyo hiyo. Anayeandika kila kitu mpaka kachumbari hukwama Jumatano, mchicha ukipanda bei. Ukiandika "majani", unachukua matembele au chainizi na ratiba inaendelea.

Maharage ndiyo yanayohitaji nidhamu. Jumapili usiku chambua nusu kilo, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 hivi. Kwenye joto la Dar usiyaache kutwa nzima, yatatoa povu na kuchacha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayovuruga tumbo, na moto wa chini hauimalizi. Nyanya na ndimu zisubiri yaive, maana uchachu huyafanya yabaki magumu. Yakigoma hata baada ya saa mbili za moto, mara nyingi yamekaa sana ghalani. Badili muuzaji.

Nusu kilo ikiiva inazidi kilo moja. Sehemu unaiunga Jumatatu, nyingine inaingia friji mara ikipoa, ingali haijaungwa, na hapo Alhamisi imeshapikwa nusu. Asiye na friji apike robo kilo ya siku hiyo tu, Alhamisi aanze upya.

Kinachosahaulika ni kuloweka. Usiitegemee kumbukumbu, kifunge kitendo hicho na jambo lisilokosekana, yaani kuosha vyombo vya usiku. Sufuria ya mwisho ikishafunikwa, bakuli la maharage linashushwa, kabla hujakaa kwenye kochi. Ukishakaa, imekwisha hiyo.

Usitarajie mazoea ndani ya wiki mbili. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta tabia mpya inachukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine 18 tu, wengine ikikadiriwa kufika 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Kwa hiyo weka nusu kilo ya choroko kabatini: usiku uliosahau kuloweka, kesho yake choroko zinaingia jikoni bila kulowekwa.

Ratiba yenyewe ibandikwe ukutani jikoni, si kwenye simu yako, ili atakayetangulia kufika nyumbani aanze kupika bila kukupigia kuuliza.