Rothenburg siku moja? Lala hata usiku mmoja

Mkuu umeuliza kama unaweza kutokea Würzburg asubuhi ukaizunguka Rothenburg, ule mji mkongwe wa Ujerumani uliozungushiwa ukuta, kwa miguu na jioni ukarudi. Unaweza, treni unabadilisha Steinach, na kutoka steshini mpaka lango la Rödertor ni mwendo wa dakika kama 10 hivi. Ila mi nakushauri ulale huko.

Mara ya kwanza nilienda mchana na kundi, pale Plönlein (ile njia panda yenye kijumba chembamba na minara miwili) watu wamejaa mpaka mnapanga foleni ya picha, nikaondoka nimeona migongo ya watu tu. Mara ya pili nikalala. Mwezi wa tano, saa 12 asubuhi nikapanda ngazi za mawe Rödertor nikatembea juu ya ukuta peke yangu, hakuna kiingilio, juu kuna paa la vigae na njia ni nyembamba mkikutana wawili lazima mmoja ajibanze, warefu chungeni vichwa maana boriti ziko chini, upande huu unachungulia nje kwenye vitundu vya kurushia mishale, upande ule mapaa mekundu na mtu anafungua dirisha.

Sasa usipite tu, angalia ukutani. Kuna vibao vya mawe vyenye majina na mita, mengi ya Wajapani na Wamarekani. Tarehe 31 Machi 1945 ndege za Marekani zilipiga mabomu mji huu, karibu asilimia 40 ya mji mkongwe ikaharibika pamoja na kipande kirefu cha ukuta, wakaujenga upya kwa michango, mtu analipia mita zake. Nilisimama kwenye kibao cha mita moja, moja tu, herufi nikazipitisha kidole, aisee iliniingia sana.

Ukishuka nenda kanisa la St. Jakob, panda ghorofani kwenye madhabahu ya mchongaji Tilman Riemenschneider, kazi ya miaka ya mwanzo ya 1500, mbao tupu bila rangi. Karamu ya Mwisho, na Yuda kamweka katikati kabisa. Nyuma kuna vidirisha, jua likisogea na nyuso zinabadilika, kwa hiyo kaa hapo usiwe na haraka.

Viatu vaa raba za soli nene, begi la magurudumu kwenye yale mawe utateseka. Jioni mabasi yakishaondoka nenda bustani ya Burggarten, ukae ukingoni uangalie bonde la mto Tauber linavyoingia giza, utasikia kengele tu.